Safari ya Siku Moja Kwenda Meru

Wahenga walisema, "Tembea uone." Lakini hawakusema kwamba kila atembeaye huona. Wako watu waliopita katika mji mmoja mara mia, na ukiwauliza habari zake watakutajia duka la mkate na mahali pa kupandia gari, basi. Mimi nami nilikuwa mmoja wao. Mji wa Meru niliupita mara nyingi, nikiutazama kupitia dirisha la gari. Niliupenda kwa miti yake na kwa ubaridi wake wa asubuhi, wala sikupata kuuliza ulianzaje. Safari nitakayoisimulia hapa ndiyo iliyoniondolea uzembe huo.

Tulikuwa watu wanne. Wa kwanza alikuwa mwenyeji wa Runyenjes, Mwembu wa kuzaliwa. Wa pili alikuwa Mmeru wa Imenti, naye ndiye aliyetualika kwao. Wa tatu alikuwa mwalimu kijana kutoka Lamu, ambaye kazi ilikuwa imemleta Embu. Wa nne ni mimi. Tuliagana tukutane mjini Embu siku ya Jumamosi alfajiri, twende Meru, na jua likichwa tuwe tumekwisha kurudi.

Asubuhi hiyo mbingu ilikuwa safi, na Mlima Kenya ukajitokeza wote, vilele vyake vyeusi vikiwa na weupe wa theluji huku na huku. Waembu huuita Kirinyaga, na Wameru huuita Kirimaara. Kilele chake kirefu kina mita 5,199, na barabara tuliyokusudia kuifuata huuzunguka mlima huo upande wa mashariki kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 120.

Gari lilipokuwa likingoja abiria, mwenzetu wa Runyenjes alituonyesha mji wa Embu kama mtu aonyeshavyo ua wa nyumba yake. Mwaka 1906, alisema, jeshi la Waingereza liliingia nchi hii kwa nguvu. Waembu walikuwa na sifa ya ushujaa wa vita, nao walikuwa wamekataa kuitii serikali mpya. Mikuki na mishale yao haikuweza kushindana na bunduki. Watu wengi waliuawa, mifugo mingi ikatekwa, na vita vilipokwisha boma la serikali likajengwa. Boma hilo ndilo chimbuko la mji. Kutoka 1963 hata 2013 Embu ulikuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki, mkoa mpana uliofika mpakani mwa Ethiopia. Baada ya hapo mikoa ya zamani ikaondolewa, nao mji ukawa makao ya serikali ya Kaunti ya Embu.

"Basi mji wenu ulizaliwa kwa damu," akasema mwenyeji wetu Mmeru kwa sauti ya mzaha. "Leo mtauona mji uliozaliwa kwa amani. Sisi Mzungu hakutupiga."

Mwembu hakujibu. Aligeuza uso, akatazama nje. Mimi sikuyatilia maanani maneno hayo wakati ule, wala sikujua kwamba ndiyo yatakayokuwa mazungumzo yetu ya kutwa nzima.

Barabara ya Embu kwenda Meru ni ya kupanda na kushuka. Sababu yake ni mlima. Mvua nyingi huunyeshea upande huu wa mashariki, na maji yake hushuka kwa mito mingi kuuelekea Mto Tana. Kila mto umejichimbia bonde lake, na kati ya bonde na bonde pana ukingo mrefu wa ardhi yenye rutuba. Thuchi, Nithi, Mutonga na Kathita ni baadhi tu ya mito hiyo. Juu, karibu na msitu, hulimwa chai. Chini yake kuna kahawa na migomba, na chini zaidi, ambako joto huanza, utaona mahindi, mtama na mbuzi. Zamani kila ukingo ulikuwa kama nchi ndogo yenye wazee wake na vijana wake wa vita. Ndiyo maana msafiri avukaye mito hii huyasikia majina ya watu yakibadilika njiani: Waembu, Wachuka, Wamuthambi, Wamwimbi, Waigoji, Waimenti. Lugha zao zakaribiana sana, kila jirani akimwelewa jirani yake.

Tulipofika Runyenjes, Mwembu wetu alisahau kununa. Alituambia kwamba karibu na hapo ndipo masimulizi ya Waembu yanapouweka mwanzo wa kabila lao. Yasemekana Mungu alimuumba mtu mmoja jina lake Mwenendega, akampa mke mzuri, Ciurunji, aliyekutana naye penye maporomoko ya maji. Wakajaliwa watoto na mali, na wazao wao wakaienea nchi yote ya Embu. Yaani, kwa masimulizi hayo, Mwembu hakutoka kokote, bali alianzia papo hapo.

"Nasi twasimulia kwamba tulitoka mbali," akasema Mmeru. "Ngojeni tufike."

Tuliuvuka Mto Thuchi, tukaiacha kaunti ya Embu, tukaingia Tharaka Nithi. Njiani mwalimu wa Lamu aliuliza jambo ambalo sisi wengine hatukuwahi kuliuliza. Mbona upande wa Embu makanisa makubwa ya zamani ni ya Anglikana, tukifika Chogoria ni ya Presbiteri, na Meru ni ya Methodisti? Jibu lake ni kwamba mwanzoni mwa karne ya 20 wamisionari wa Kiprotestanti walikubaliana kugawana nchi wasije wakagombana. Misheni ya Anglikana ilifungua kituo Kigari, karibu na Embu, mwaka 1910. Wamethodisti, ambao kazi yao katika Kenya ilianzia Ribe karibu na Mombasa mwaka 1862, walifika Meru mwaka 1912 wakakaa Kaaga. Waskoti, chini ya daktari Archibald Irvine, walianza Chogoria mwaka 1922, na hospitali iliyotokana na kazi yao ingalipo. Wakatoliki wa shirika la Consolata, kutoka Italia, hawakuwamo katika mapatano hayo. Wao walikuwa wamekwisha fika Meru mwaka 1911. Hivyo mtoto wa miaka ile alisoma dhehebu hili au lile kwa sababu ya upande wa mto aliozaliwa, na mipaka ile imebaki katika shule na hospitali hata leo.

Penye bonde la Nithi dereva alipunguza mwendo, na abiria wote wakanyamaza. Mteremko ni mkali, kona zake ni za ghafula, na daraja lililo chini limekuwa mahali pa ajali nyingi zilizoua watu wengi. Tulipokwisha kupanda upande wa pili, mama mmoja aliyeketi mbele alishukuru Mungu kwa sauti, nasi tukaitikia. Tukapita Nkubu, na baada yake tukauvuka mstari wa ikweta, tukaingia nusu ya kaskazini ya dunia bila kuhisi lolote.

Meru ni mji unaokaa kwenye mteremko kama mtu aliyeegemea kilima. Umepata kukua sana, una magari na kelele za kutosha, lakini kiini chake cha zamani ni kidogo, na mtu aweza kukizunguka kwa miguu kabla chai yake haijapoa. Mto Kathita wapita bondeni. Msitu wa Imenti umeukaribia mji hata hewa yake hunukia majani mabichi. Humo huota muuru, mti wa mbao ngumu ambao Waingereza waliuita mwaloni wa Meru, ingawa si mwaloni. Katika soko la Gakoromone tuliona ndizi za kila aina, viazi vikuu, magimbi, maharagwe na miraa iliyofungwa kwa majani ya mgomba.

Mwenyeji wetu alitueleza ramani ya mji ule, nami nikatambua kwamba ndiyo ramani ya miji mingi ya Kenya. Kwanza lilikuja boma, yaani ofisi ya serikali, likawekwa mahali palipoinuka penye upepo mzuri. Karibu yake yakajengwa maduka ya Wahindi. Kando kidogo ukatokea mtaa wa Majengo, walikokaa askari, wapagazi, wapishi na wafanya biashara waliofuatana na serikali, wengi wao wakiwa Waislamu wasemao Kiswahili. Misheni ilikaa mbali zaidi pamoja na shule yake. Mwenzetu wa Lamu alipolisikia jina la Majengo akacheka, akasema, "Basi nimefika nyumbani."

Tulikwenda kwenye makumbusho ya mji. Jengo lenyewe ni la mawe, si kubwa wala halina madaha, lakini ndilo la zamani kuliko yote mjini. Lilijengwa mwaka 1916 liwe ofisi ya Mkuu wa Wilaya, na mwaka 1974 likafunguliwa kuwa makumbusho. Ndani yake huonyeshwa vyombo vya Wameru wa kale, vya nyumbani na vya vita. Uani pana mfano wa boma la Kimeru na bustani ya miti ya dawa. Nilisimama mlangoni nikawaza kwamba wazee wa Meru waliingia mlango huo kuhukumiwa kwa kutolipa kodi, na sasa wajukuu wao huingia kutazama mikuki ya babu zao.

Uani tulimkuta mzee mmoja aliyewaleta wajukuu wake. Tulimwamkia, mwalimu wa Lamu akampa shikamoo ya adabu kama ilivyo desturi ya kwao, na mzee akafurahi sana. Alipojua kwamba kijana yule ametoka Lamu, alimshika mkono asiuachie.

"Wewe umetoka kwetu," akasema mzee.

Kisha akatusimulia habari za Mbwaa. Wameru, alisema, hapo kale walikaa kisiwani pwani, mahali paitwapo Mbwaa. Walitawaliwa na watu walioitwa Nguo Ntune, yaani wenye nguo nyekundu, waliowatesa na kuwapa kazi zisizowezekana. Waliamriwa walete kiatu chenye manyoya pande zote mbili. Mwenye akili mmoja akakitengeneza kwa ngozi ya shingo ya ng'ombe, ile ining'iniayo. Wakaamriwa watengeneze mkuki ufikao mbinguni. Hapo wakaona hapana budi ila kutoroka. Kiongozi wao, Koomenjwe, aliyapiga maji kwa fimbo, na maji yakaachana. Waliovuka usiku wakaitwa Weusi, waliovuka alfajiri wakaitwa Wekundu, na waliovuka jua likiwa limekwisha kuchomoza wakaitwa Weupe. Mgawanyiko huo wa koo waendelea kukumbukwa mpaka leo.

Wako wataalamu waliokifananisha kisiwa cha Mbwaa na Manda, kilicho jirani na Lamu, na wengine wakakadiria kwamba safari hiyo ilianza mwanzoni mwa karne ya 18. Mwalimu wa Lamu alisikiliza huku macho yamemtoka. Alisema kwamba kutoka kwao hadi Manda ni mwendo mfupi wa mashua. Kuna magofu ya miji miwili huko, Takwa na Manda yenyewe, na mji huu wa pili ulistawi tangu karne ya 9. Kati ya kisiwa na bara kuna mlango mwembamba wa maji uitwao Mkanda. Maji yakijaa, majahazi hupita. Maji yakipwa, mikoko huonyesha mizizi yake, na chombo kikubwa hukwama.

"Kwa hiyo maji yaweza kuachana," akasema Mwembu.

"Yaweza kupwa," akajibu mwalimu. "Tusiseme zaidi ya hapo."

Nililipenda jibu hilo, na nataka msomaji alitafakari. Mambo mengine katika masimulizi haya yavutia sana. Neno nguo katika Kimeru ni lilelile la Kiswahili. Lakini Kimeru na Kiswahili ni lugha za jamii moja ya Kibantu, na ndugu hufanana sura hata wasipopata kukaa nyumba moja. Wapo wanahistoria walioyapokea masimulizi ya Mbwaa kuwa kumbukumbu ya safari ya kweli. Wapo waliotilia shaka, wakasema huenda ni ya kundi moja tu lililojiunga na wenyeji waliokuwapo tangu zamani. Hata hivyo hakuna mwanahistoria makini ayachekaye. Masimulizi yaliyotunzwa na vizazi vingi ni ushahidi, na ushahidi hupimwa. Hautupwi, wala haumezwi bila kutafunwa.

Miongoni mwa waliochunguza mambo hayo alikuwa H. E. Lambert, aliyekuwa Mkuu wa Wilaya ya Meru katika miaka ya 1930. Alisoma habari za Njuri Ncheke, baraza kuu la wazee wa Meru, ambalo makao yake yako Nchiru, akaishawishi serikali ilitambue. Baadaye bwana huyo akawa mtaalamu wa lahaja na mashairi ya Kiswahili cha pwani. Mwalimu wetu alilijua jina lake kwa sababu ya ushairi, na Mmeru alilijua kwa sababu ya Njuri. Hakuna kati yao aliyejua kwamba walikuwa wakimtaja mtu mmoja.

Adhuhuri tulikula mukimo na nyama katika hoteli ndogo, na hapo ndipo mzaha wa asubuhi ulipogeuka kuwa hoja. Mmeru alieleza kwamba mji wao ulianza mwaka 1908, alipofika ofisa Mwingereza kwa jina Edward Butler Horne. Wameru walimpa jina la Kangangi, yaani mtembezi mdogo, kwa jinsi asivyotulia mahali pamoja. Akarudia yale ya asubuhi, kwamba Wameru hawakupigwa, kwa kuwa walikuwa na wazee wenye hekima.

Mwembu aliweka kijiko chini. "Ndugu yangu," akasema, "Kangangi alifika kwenu 1908. Sisi tulipigwa 1906. Unadhani wazee wenu walipata hekima yao wapi? Waliona moshi wetu. Habari za ng'ombe zetu zilizotekwa na za vijana wetu waliokufa zilivuka Thuchi na Nithi kabla ya Mzungu. Mlinunua amani yenu kwa damu yetu, nawe asubuhi umetucheka."

Tulinyamaza. Mmeru aliinama, kisha akasema polepole kwamba hakuwahi kulitazama jambo hilo kwa upande ule. Nami, ingawa sikupenda kuwaona marafiki wakihuzunishana, niliona kwamba Mwembu alikuwa amesema neno la kweli. Wanahistoria waliokusanya habari kutoka kwa wazee wa Meru huandika jambo hilohilo. Wazee walikuwa wamesikia yaliyowapata Waembu, wakashauriana, wakaona kupigana na bunduki kwa mikuki ni kuwapeleka vijana machinjoni. Huo haukuwa woga. Ilikuwa hesabu nzito iliyofanywa na watu waliokwisha kuonyeshwa jibu lake katika nchi ya jirani.

Lakini Mmeru naye alikuwa na haki ya kusikilizwa. "Usidhani amani ile ilikuwa ya bure," akasema. Wameru nao walitozwa kodi ya vibanda. Nao walitolewa kwa nguvu kukata barabara. Na mwaka ule wa 1916, mawe ya ofisi ya Mkuu wa Wilaya yalipokuwa yakipangwa, vita vikuu vya dunia vilikuwa vikiendelea katika Afrika ya Mashariki. Vijana wa nyanda hizi, Waembu na Wameru sawasawa, walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi. Maelfu ya wapagazi wa Afrika ya Mashariki walikufa, na wengi wao hawakuuawa na risasi, bali na njaa, kuhara na homa. Jina la jeshi lile la wapagazi limebaki katika mitaa ya Kariakoo mjini Dar es Salaam na Kariokor mjini Nairobi.

Ndipo mwalimu wa Lamu, ambaye muda wote alikuwa kimya, akasema neno lililotushangaza sote.

"Mimi sina upande katika shauri lenu," alisema. "Lakini nitawaambia jambo la kwetu. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ilifungua kambi za kizuizini nchini kote. Moja ilikuwa kisiwani Manda. Watu wa bara waliletwa huko mbali na kwao, wakazungukwa na bahari. Mzee wa leo asubuhi amesema kwamba Wameru walivuka maji kuikimbia dhuluma ya Mbwaa. Kama Mbwaa ni Manda kweli, basi karne mbili na zaidi zilipita, na dhuluma nyingine ikawavusha watu wa bara maji yaleyale, ikawarudisha kisiwani."

Nilipomsikia nilikumbuka kwamba katika amri za Hali ya Hatari, Wakikuyu, Waembu na Wameru waliandikwa pamoja. Walitakiwa pamoja kuchukua vyeti vya kutembelea, wakahamishwa pamoja katika vijiji vilivyozungushiwa handaki na miti iliyochongwa, wakatiliwa shaka pamoja. Serikali iliyokuja mara moja kwa bunduki na mara moja bila bunduki haikuona tofauti kati ya mji uliopigwa na mji usiopigwa. Na katika msitu wa mlima, ambao twauona tukiwa Embu na twauona tukiwa Meru, wapiganaji wa pande zote walijificha. Mmoja wao, Musa Mwariama wa Meru, alitoka msituni Desemba 1963, Kenya ilipopata uhuru, akakutana na Jomo Kenyatta.

Tulilipa, tukatoka. Alasiri tuliutembelea mji bila haraka. Tulikuwa tumekuja kuuona mji mdogo mzuri, nao haukuwa umepungukiwa na uzuri wake hata kidogo. Vivuli vya miti vilikuwa vilevile, na hewa ilikuwa ileile. Lakini nilipolitazama tena jengo lile la mawe nililiona kwa macho mengine. Tarehe ya 1908 ni ya kweli, na 1916 ni ya kweli. Lakini hizo ni tarehe za ofisi. Mahali penyewe pana umri mkubwa zaidi, na amani yake ilikuwa na gharama ambayo sehemu yake ililipwa na watu wengine, nyuma ya mito minane au tisa, miaka miwili kabla.

Nawe, msomaji, bila shaka una mji ulio karibu na kwenu. Waulize wenyeji ulianza lini, nao watakutajia mwaka au jina la mtu. Usiridhike na hapo. Uliza ni nini kilichotokea kwa jirani mwaka uliotangulia. Uliza ni nani aliyeyabeba mawe ya jengo la kwanza. Uliza wazee wanasimulia nini ambacho hakikuandikwa, kisha upime. Ukiyafanya hayo, mji mdogo utakuwa shule, na hutauchoka.

Tulirudi jua likielekea magharibi nyuma ya mlima. Marafiki zangu wawili, Mwembu na Mmeru, waliketi kiti kimoja. Tulipolipita daraja la Thuchi giza lilikuwa limekwisha ingia, nami nilimsikia Mmeru akisema kwa sauti ya chini, "Jumamosi nyingine nataka unipeleke mahali mlipopigania vita vile."

"Nitakupeleka," akajibu Mwembu. "Lakini usitazamie jengo la mawe. Utaona mashamba ya kahawa tu. Itakubidi usikilize."